Garamond Ipi, kwa Bei Gani?

Fungua orodha ya fonti katika kompyuta yoyote ya ofisi, na huenda jina Garamond ukalikuta. Nenda kwa wauzaji wa fonti mtandaoni, utaona limezaana: Adobe Garamond, Garamond Premier, Stempel Garamond, ITC Garamond, EB Garamond, Cormorant Garamond, pamoja na Sabon ambayo ni ya ukoo huohuo kwa jina jingine. Baadhi ni za bure. Baadhi huuzwa kwa makumi ya dola kwa mtindo mmoja tu. Baadhi hukodishwa kwa mwezi. Zote hudai asili moja, yaani herufi zilizochongwa Paris katika karne ya 16 zama za Claude Garamont, fundi aliyefariki mwaka 1561 na ambaye Wafaransa wanamhesabu katika urithi wa taifa lao.

Makala haya ni ya mchapishaji mdogo, mhariri wa jarida, au mwandishi anayejichapishia riwaya yake na anataka kurasa zenye haiba ya vitabu vya zamani bila kuumia mfukoni. Tunazilinganisha fonti hizi kwa mambo matatu: gharama kamili, ruhusa unazopata, na jinsi zinavyobeba maandishi ya Kiswahili. Jibu fupi tulitoe mapema: kwa vitabu vingi vya Kiswahili, EB Garamond ya bure inatosha. Kulipia kunafaa katika hali chache tu, na kigezo cha kulipa kisiwe ukale wa herufi, kiwe kazi iliyofanywa na fundi wa leo.

Unanunua nini hasa

Mchongaji wa zama za Garamont alichonga herufi mojamoja, ikiwa imegeuzwa kama ionekanavyo kwenye kioo, kwenye ncha ya kijiti cha chuma. Kijiti kiligongwa juu ya kipande cha shaba kikaacha shimo lenye umbo la herufi. Shaba hiyo ndiyo iliyokuwa kalibu, nayo ikamiminiwa risasi iliyoyeyushwa. Kila saizi ilichongwa upya tangu mwanzo.

Garamont alipofariki, vifaa vyake vilitawanyika. Sehemu ilinunuliwa na Christophe Plantin, mchapaji wa Antwerp, na mpaka leo imo katika Makumbusho ya Plantin-Moretus mjini humo, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005. Sehemu nyingine ilifika Frankfurt, kwenye kiwanda cha kusubu herufi cha ukoo wa Egenolff. Mwaka 1592 Konrad Berner, aliyekuwa ameshika kiwanda hicho, alitoa karatasi ya vielelezo yenye herufi za saizi mbalimbali pamoja na majina ya waliozichonga: za wima za Garamont, za mlazo za Robert Granjon. Huko Ufaransa kwenyewe zilibaki herufi za Kigiriki alizomchongea Mfalme François I. Hazina ya vijiti vya chuma ya Imprimerie nationale, kiwanda cha uchapaji cha dola, inalindwa kisheria kama mali ya kihistoria tangu 1946.

Umbo la herufi hizo halina mwenyewe tena. Aliyezichonga amefariki zaidi ya karne nne zilizopita, na jina lake linatumiwa na yeyote apendaye. Kinachomilikiwa ni faili ya fonti, ambayo ni programu ya kompyuta, pamoja na kazi ya aliyeitengeneza. Huko Marekani, kwa mfano, sheria haitoi hakimiliki kwa umbo la herufi, lakini faili yake inalindwa kama programu nyingine yoyote. Kwa hiyo jina Garamond limekuwa kama pilau: kila mpishi ana yake, na bei hutegemea jiko.

Na kazi ya jikoni si ndogo. Karatasi za karne ya 16 zililoweshwa kidogo kabla ya kuchapwa, na wino ulipozama ulivimbisha kingo za herufi. Fundi wa leo akiikuza picha ya ukurasa ule, anaona mstari mnene wenye kingo za mviringo. Akikichunguza kijiti cha chuma kwenye makumbusho, anaona mstari mwembamba wenye kona kali. Akifuata wino, fonti itakuwa na joto na uzito. Akifuata chuma, itakuwa safi lakini huenda ikapauka kwenye karatasi laini za leo. Uamuzi huo pekee unatosha kuzifanya Garamond mbili zisifanane.

Kisha kuna vitu ambavyo havikuwapo kabisa. Wino mzito wa kukoza maneno ndani ya matini ni jambo la karne za baadaye, hivyo kila Garamond iliyokozwa ni ubunifu wa watu wa juzi. Alama ya @, ya euro na ya asilimia hazina kielelezo kwa Garamont. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapopaswa kusimama.

Kipimo cha Kiswahili

Waliochapa Kilatini na Kifaransa cha karne ya 16 hawakuwa na haja kubwa ya k wala w. J kubwa na U kubwa zilikuwa bado hazijatengana na I na V, na W mara nyingi iliundwa kwa kupanga V mbili pamoja. Sasa tazama ukurasa wowote wetu: kwa, wake, wakati, kwamba, Juma, Uhuru, Wizara. Herufi zinazoupa ukurasa wa Kiswahili sura yake ni zilezile ambazo mabingwa wa Paris hawakuzihangaikia sana. Unaposoma Kiswahili kilichopangwa kwa Garamond, sehemu kubwa ya unachokiona imechorwa na mtu wa karne ya 20 au ya 21, na uhodari wake ndio unaoulipia.

Kabla ya kununua chochote, andika sentensi kama hii: Wakwe wa Juma waliwaficha ng’ombe kule Ukwere. Ichape kwa saizi halisi ya kitabu, pointi 10.5 au 11, kwenye karatasi ileile itakayotumiwa na mchapaji wako. Kioo cha kompyuta hakitoshi. Kisha angalia mambo manne.

Kwanza, w. Ikiwa pana mno au nyeusi kuliko a na e zilizo jirani yake, ukurasa mzima utakuwa na madoa, kwa sababu hakuna mstari wa Kiswahili usio na w kadhaa. Pili, kw. Mguu wa k hunyooka kwenda kulia na mkono wa w huinamia kushoto. Nafasi kati yao isiporekebishwa, neno kwa litaonekana kama limepasuka. Tatu, fi. Kichwa cha f hugusa nukta ya i, na fonti nzuri ina herufi moja iliyounganishwa kwa ajili ya jozi hiyo. Maneno kama fika, fikiri na safi yako kila mahali, kwa hiyo hakikisha programu yako imeruhusu muunganiko huo. Nne, ng’. Herufi g ya Garamond ina sikio dogo juu kulia, na alama ya ritifaa inakuja papo hapo. Katika fonti isiyopangwa vizuri, viwili hivyo hugongana. Alama yenyewe iwe ile iliyopinda, yenye umbo la tarakimu 9 ndogo. Kijiti kilichonyooka kinachotoka kwenye kibodi ni cha mashine ya chapa, na hakuna fonti ya bei yoyote itakayokipendezesha.

Kipimo cha tano kinawahusu wahariri wa tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Ukinukuu kwa mfumo wa kitaaluma utahitaji h, s na d zenye nukta chini, pamoja na alama ya ʿain. Zijaribu hizo mapema. Fonti isipokuwa nazo, programu huazima herufi kutoka fonti nyingine kimyakimya, na ukurasa unatoka na viraka.

Garamond ya Microsoft: imeshalipiwa, lakini si ya Garamont

Hii ndiyo ambayo wengi wanayo bila kujua, kwa kuwa huja na Microsoft Office. Ilianza kama fonti ya kampuni ya Monotype ya Uingereza mwaka 1922. Herufi zilizoigwa zilikuwa zimehifadhiwa katika kiwanda cha dola cha Paris, na wakati huo ziliaminika kuwa ni za Garamont. Mwaka 1926 Beatrice Warde, akiandika kwa jina la Paul Beaujon katika jarida la The Fleuron, alionyesha kwamba mchongaji wake alikuwa Jean Jannon, mchapaji wa mji wa Sedan ambaye kielelezo chake kilitoka mwaka 1621, miaka 60 baada ya kifo cha Garamont. Jina lilikuwa limeshazoeleka, likabaki.

Kwa mtumiaji, hilo lina maana ya vitendo. Herufi za Jannon ni nyembamba, na vijimkia vya juu kwenye m, n na r vimechimbika na kuchongoka. Mlazo wake una herufi zisizoinama kwa pembe moja, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine huwachosha macho. Toleo la kompyuta limetoka jepesi: kwenye mashine ya leza ya ofisini maandishi huonekana yamepauka. Tena lina mitindo mitatu tu, yaani wima, mlazo na kozo. Kozo yenye mlazo haimo, na ukiilazimisha, programu itaibuni kwa kuziinamisha herufi kiholela.

Faida yake ni kwamba hulipi senti ya ziada. Inafaa barua, ripoti na mialiko. Kwa riwaya ya kurasa 200, kuna mbadala bora, na huo nao ni bure.

EB Garamond: ya bure, na imerudi kwenye chanzo

Herufi EB zinasimama badala ya Egenolff na Berner, wenye ile karatasi ya 1592. Georg Duffner wa Austria aliianza kazi hii akiifuata karatasi hiyo: wima za Garamont, mlazo za Granjon. Baadaye Octavio Pardo aliipanua, akaongeza uzito mbalimbali kutoka wa kawaida hadi mzito kabisa. Ndani yake mna herufi kubwa zilizopunguzwa kimo, tarakimu za kale zinazopanda na kushuka pamoja na zile za kusimama sawa, herufi za Kigiriki na za Kisirili, na miunganiko mingi.

Leseni yake ni ile iitwayo SIL Open Font License. Kwa lugha ya mfukoni: unaipakua bure, unachapa na kuuza kitabu, unaitia ndani ya kitabu cha kielektroniki, unaiweka kwenye tovuti na kwenye programu ya simu, unaiweka kwenye kompyuta zote za ofisi, na hata unaweza kuibadilisha. Marufuku kubwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake, na ukitoa toleo ulilobadilisha, nalo lazima liwe chini ya leseni hiyohiyo.

Udhaifu upo. Macho yake ni madogo: tundu la e na tumbo la a ni finyu, na kwenye karatasi ya gazeti inayofyonza wino huziba haraka. Ukiitumia kwa maelezo ya picha kwa pointi 7, msomaji mzee atalalamika, na atakuwa na haki. Kwa matini ya kitabu kuanzia pointi 11 kwenda juu, kwenye karatasi ya kawaida ya vitabu, ni vigumu kupata sababu ya kuiacha.

Cormorant Garamond: kwa majalada, si kwa matini

Hii nayo ni ya bure kwa leseni ileile, kazi ya Christian Thalmann wa Uswisi. Ina mistari myembamba sana na herufi ndogo zenye kimo kifupi mno. Kwenye jalada la diwani, kwenye kadi ya harusi au kichwa cha sura, inapendeza. Ukiipanga kwa pointi 11 inapotea. Wachapishaji wengi wapya huipenda kwenye kioo cha kompyuta, wakapanga kitabu kizima, halafu wakashangaa mbona prufu imekuja kama imeandikwa kwa utando wa buibui. Tumia hii juu na EB Garamond chini, zinaelewana.

Adobe Garamond na Garamond Premier: za kukodi

Robert Slimbach aliitoa Adobe Garamond mwaka 1989 akiwa amechunguza vifaa vya asili, na mlazo wake unatokana na Granjon. Ndiyo iliyopangia matoleo ya Marekani ya Harry Potter, kwa hiyo mamilioni ya watu wameisoma bila kuijua jina. Mwaka 2005 alitoa Garamond Premier, ambayo thamani yake kuu ni kurudisha kitu kilichopotea zama za risasi zilipokwisha. Wachongaji wa kale walitengeneza saizi ndogo kwa herufi pana zaidi na nene zaidi, na saizi kubwa kwa mistari myembamba. Fonti nyingi za kompyuta zina mchoro mmoja unaokuzwa na kupunguzwa. Garamond Premier ina michoro minne: ya maelezo madogo, ya matini, ya vichwa vidogo na ya vichwa vikubwa. Kamusi, kitabu cha kiada chenye tanbihi nyingi au jarida lenye maelezo ya picha kila ukurasa litaona tofauti hiyo.

Fonti hizi hupatikana kupitia huduma ya Adobe Fonts, iliyomo ndani ya malipo ya mwezi ya programu za Adobe. Kama tayari unalipia InDesign, huna gharama mpya. Kama huna, usijiunge kwa ajili ya fonti tu. Ukisitisha malipo, fonti huzimika kwenye kompyuta yako. PDF ulizokwisha kutengeneza zinabaki salama, lakini toleo la pili la kitabu, likihitaji kusahihishwa kosa ukurasa wa 37, litakudai ulipe tena. Tovuti nayo itapoteza sura yake siku malipo yatakapokoma.

Stempel Garamond na Sabon: za kununua

Stempel Garamond ilitoka Frankfurt katika miaka ya 1920, kwa kampuni ya D. Stempel, nayo ilifuata karatasi ya Berner. Ni nzito kidogo na ngumu kidogo, hivyo inastahimili uchapaji wa hali ya chini. Sabon ni kazi ya Jan Tschichold ya mwaka 1967. Wachapaji wa Ujerumani walitaka fonti moja itakayofanana iwe imepangwa kwa mkono, kwa mashine ya Linotype au ya Monotype, na Tschichold akapunguza na kusawazisha mpaka ikafaa zote. Jina lake ni la Jacques Sabon, mchongaji aliyeoa katika ukoo wa Egenolff. Baadaye Mfaransa Jean François Porchez aliifufua upya kama Sabon Next. Kwa macho mengi hii ndiyo tulivu kuliko zote, na katika maandishi yenye w na k nyingi haileti vurugu.

Hizi hununuliwa kwa mtindo mmojammoja au kwa fungu, kulingana na idadi ya kompyuta. Leseni ya kompyuta hukuruhusu kuchapa vitabu na kutengeneza PDF. Tovuti, kitabu cha kielektroniki na programu ya simu mara nyingi vina leseni zake, kila moja na bei yake. Leseni ya tovuti mara nyingi hupimwa kwa idadi ya kurasa zinazofunguliwa.

ITC Garamond ya Tony Stan, ya miaka ya 1970, tuiseme kwa ufupi. Herufi zake ndogo ni ndefu mno, na Apple ilitumia toleo lake lililobanwa kwa miaka mingi katika matangazo yake. Kwa bango ni sawa. Kwa anayetaka sura ya karne ya 16, siyo yenyewe.

Hesabu ya miaka mitano

Tuchukue mfano wa mchapishaji mwenye kompyuta moja. Bei hubadilika, kwa hiyo tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu tu.

EB Garamond pamoja na Scribus au LibreOffice, ambazo nazo ni za bure: dola 0 mwaka wa kwanza, dola 0 mwaka wa tano. Gharama yake ni muda wa kujifunza.

Fonti ya kununua kwa dola 40 kwa mtindo, mitindo minne: dola 160, mara moja. Kompyuta ya pili ikiongezeka, au kitabu cha kielektroniki kikitoka, hesabu inaanza upya.

Kukodi programu moja ya Adobe kwa dola 23 kwa mwezi: dola 276 kwa mwaka, dola 1,380 kwa miaka mitano. Humo umepata InDesign na maktaba nzima ya fonti, hivyo si haki kuitupia Garamond gharama yote. Lakini mwisho wa mwaka wa tano huna chako mkononi.

Ongeza gharama za pembeni. Malipo ni kwa dola na kwa kadi. Kadi za mtandaoni zinazofungamana na pesa za simu, kama M-Pesa GlobalPay ya Kenya, zimerahisisha mambo, ila kuna makato ya kubadilisha fedha, na kodi ya ongezeko la thamani inaweza kuongezwa juu ya bei uliyoiona. Malipo ya kila mwezi yakigonga wakati kadi haina kitu, huduma husimama, na mara nyingi husimama wiki ile ambayo kitabu kinatakiwa kwa mchapaji.

Karatasi ni ghali kuliko fonti

Mwaka 2014 mwanafunzi mmoja wa Marekani alipata umaarufu kwa hoja kwamba serikali ingeokoa mamilioni ya dola ya wino kwa kuhamia Garamond. Wataalamu wa uchapaji walimjibu haraka: Garamond inatumia wino kidogo kwa sababu, kwa pointi zilezile, herufi zake ni ndogo zaidi. Ukizikuza zilingane kimo na Times New Roman, sehemu kubwa ya akiba inayeyuka. Kwa hiyo usilinganishe pointi kwa pointi. Weka fonti mbili ubavu kwa ubavu, kuza moja mpaka herufi x zilingane kimo, ndipo uhesabu kurasa.

Hata hivyo, kwa Kiswahili ipo faida ya kweli katika wembamba. Maneno yetu ni marefu: hawakuyashughulikia, wanaotufundisha, yaliyosababishwa. Programu yako isipojua kukata maneno ya Kiswahili mwishoni mwa mstari, fonti pana itaacha mapengo meupe yanayoshuka ukurasani kama mifereji. Fonti yenye herufi za kubana kiasi, kama nyingi za ukoo huu, hupata neno moja zaidi katika mstari na mapengo hupungua.

Vitabu vingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16. Kitabu kikishuka kutoka kurasa 240 hadi 224, umeondoa fungu moja kati ya 15, karibu asilimia 7 ya karatasi. Kwa nakala 1,000 hizo ni kurasa 16,000 usizozilipia. Muulize mchapaji wako bei ya fungu moja, uilinganishe na bei ya fonti yoyote iliyotajwa hapa, utaona ni wapi fedha ziko. Lakini kikishuka kutoka 240 hadi 233, huenda hujaokoa kitu, kwani fungu la mwisho litalipiwa vilevile. Usimnyime msomaji mwanga wa macho kwa ajili ya kurasa saba.

Mitego ya leseni

Neno bure lina vyumba vingi. URW Garamond No. 8, inayotokana na ukoo wa Stempel, hupatikana bila malipo, lakini leseni yake si ile ya EB Garamond na ina masharti yake kuhusu kuiuza ndani ya bidhaa nyingine. Fonti zilizorundikwa kwenye tovuti za kupakulia chochote huwa na maandishi ya matumizi binafsi pekee, na kitabu kinachouzwa si matumizi binafsi.

Mtego mwingine ni wa mkono kwa mkono. Mpangaji wa kurasa anakutumia kazi pamoja na fonti kwenye flashi. Leseni ilikuwa ya kompyuta yake, si yako, na siku ukiifungua kazi ile kuibadilisha, umeshaingia upande usiofaa. Mwambie akukabidhi PDF yenye fonti ndani yake, au mkubaliane tangu mwanzo kutumia fonti ya leseni huria. Risiti na nakala ya leseni viwekwe kwenye folda moja na faili za kitabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nani achague nini

Mwandishi anayejichapishia riwaya au diwani: EB Garamond kwa matini, Cormorant kwa jalada. Gharama ni sifuri, na kitabu cha kielektroniki kimo ndani ya ruhusa.

Ofisi inayotaka ripoti zenye heshima: Garamond ya Microsoft inatosha, ukiongeza pointi moja ili isipauke. Kwa maneno ya kukoza yenye mlazo, hamia EB.

Jarida au mchapishaji wa vitabu vya kiada ambaye tayari analipia InDesign: Garamond Premier, kwa ajili ya ile michoro minne. Hii ndiyo hali ambapo malipo yanaonekana kwenye ukurasa.

Nyumba ya uchapishaji inayotaka sura moja kwa miaka kumi bila kufungwa na malipo ya mwezi: nunua Sabon au Stempel mara moja, baada ya kuichapa sentensi ya wakwe wa Juma na kuridhika.

Taasisi yenye bajeti, mathalani inayoandaa mfululizo mrefu wa vitabu: kuna njia ambayo wachache huifikiria. Kuagiza fonti mpya ni kazi ya miezi mingi ya fundi mjuzi. EB Garamond, kwa kuwa leseni yake inaruhusu mabadiliko, inaweza kupelekwa kwa mchoraji wa fonti arekebishe yale tu yanayotuhusu: upana wa w, nafasi ya kw na ky, ritifaa baada ya g, kimo cha J. Utalipia marekebisho ya herufi chache badala ya mamia, na toleo hilo, kwa masharti ya leseni, litabaki huria kwa kila atakayechapa Kiswahili baada yako.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, chukua ya bure, na fedha iliyookolewa umlipe msoma prufu. Ukurasa wa Sabon wenye makosa ya tahajia bado ni ukurasa mbovu.